Mgeni wa treni au mweka hazina wa kamati: Sikudhani aende na yupi?

Kuna binti hapa Dodoma anaandika simulizi za mapenzi, zile za kusomwa kwenye simu sehemu kwa sehemu, ambazo "itaendelea" hukukuta umesimama jikoni na maji ya ugali yanakauka. Mimi humsomea kabla hajazirusha kwa wasomaji wake. Mwezi uliopita alikuja na daftari lenye mwanamke mmoja, jina lake Sikudhani, na wanaume wawili. "Dada," akaniambia, "mwanamke ninaye, maumivu ninayo, mwanamume ndiye sijui nimpe yupi."

Swali hilo si lake peke yake. Yeyote anayetaka kuandika riwaya nyepesi ya mapenzi inayoanza na mtu kuachwa atafika hapo hapo: huyu aliyeumizwa apate mtu mpya kabisa, au amwone upya mtu aliyekuwepo siku zote? Ni njia mbili zisizofanana, toka kicheko cha kwanza hadi sura ya mwisho, na ukikosea kuchagua utajua ukiwa sehemu ya 12, wasomaji wanakuuliza mbona kimya. Kwa ruhusa ya binti, nawasimamisha wanaume wake wawili hapa, bega kwa bega, tuwatazame.

Kwanza mwenye jeraha

Sikudhani ana miaka 31, ni dalali wa nyumba, anaishi Chang'ombe. Wiki tatu kabla ya sendofu, mchumba kampiga kibuti kwa ujumbe wa simu, tena wenye makosa mawili ya tahajia. Kamati ilikuwa imeshakaa vikao sita. Ukumbi umelipiwa nusu, mshereheshaji kachukua chake cha awali, na vitenge vya sare vimeshanunuliwa, vimegawiwa, vimeshonwa. Hapo ndipo niliposhika mbavu, maana kitenge kikishapita cherehani hakirudi dukani. Wenye navyo wameamua kuvivaa. Kila Sikudhani akikatiza Soko la Majengo anakutana na harusi yake inanunua nyanya.

Ukitaka kujua kama una riwaya nyepesi au una msiba, angalia kama maumivu yako yamepata kitu cha namna hiyo, kitu kinachouma na kuchekesha kwa pamoja. Machozi matupu yanazamisha kitabu. Vitenge vya harusi iliyokufa vinakibeba.

Sasa wanaume

Wa kwanza ni mgeni. Mtumishi wa wizara, kahamishwa kutoka Dar es Salaam, anashuka kwenye treni ya mwendokasi mwezi wa sita akiwa na mabegi mawili na feni. Feni, Dodoma, mwezi wa sita, wakati wenyeji usiku wanatafuta blanketi la pili. Anahitaji nyumba, Sikudhani ni dalali. Wamekutana.

Wa pili ni mweka hazina wa kamati ya ile harusi. Jirani yake toka utotoni, ana duka la vipuri vya bodaboda, ni mtu wa kuandika kila kitu kwenye daftari gumu la mistari. Michango yote ya harusi ilipita mkononi mwake. Sasa harusi haipo, hela iliyobaki ipo, na kikao cha mwisho cha kamati kimeamua: wawili hawa wazunguke nyumba kwa nyumba wakawarudishie watu chao, yeye akiwa na daftari, Sikudhani akiwa na maneno ya kuomba radhi.

Nilipomsikiliza mara ya kwanza nilimjibu bila kufikiri. Mpe mgeni, nikasema. Sababu yangu ilikuwa hii: kuachwa huwa kunaondoka na kitu, na si kila aliyeachwa kaibiwa kitu kile kile. Mmoja kaibiwa imani na macho yake mwenyewe, hajui tena kutambua mtu mwema. Mwingine kaibiwa mipango, alishahesabu watoto na rangi ya mapazia. Sikudhani yeye kaibiwa uso. Mji mzima unajua. Mtu wa namna hiyo, nikamwambia binti, anamhitaji mwanamume ambaye hana habari. Mbele ya mgeni yeye si "yule wa vitenge". Ni dalali mkali mwenye funguo nyingi, basi.

Bado naiona hoja hiyo ina nguvu. Ila siku mbili baadaye nilimpigia simu kuirudisha nyuma, na nitafika huko.

Kukutana

Hapa mgeni anashinda bila jasho, na anasaidiwa na mji wenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa 1973, ukabaki kwa miaka mingi kuwa jambo la hotuba. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kweli kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, wizara zikajengewa ofisi kule Mtumba, na toka 2024 treni ya umeme inafika toka Dar kwa muda usiozidi nusu ya ule wa basi. Mwandishi anayetaka mgeni wa kuvutia ashuke katika mji wake huwa lazima atunge sababu: kaja kumzika shangazi, gari limeharibika. Wewe wa Dodoma huhitaji sababu. Mji umejaa watu waliokuja. Msomaji hatakuuliza.

Na dalali ni kazi nzuri mno kwa kukutanisha watu. Kumtembeza mtu nyumba kumi ni kumjua kuliko kunywa naye soda mara kumi. Utajua anaogopa mbwa, anahesabu madirisha, anauliza maji yanatoka siku gani kabla ya kuuliza bei. Mwoneshe Ilazo anaona mbali na kazini, mwoneshe Iyumbu anaona upepo, mwoneshe Kisasa anaona kodi ya miezi sita na macho yanamtoka. Kama umeanza hadithi wakati wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, vyumba vinagombewa na kila mwenye banda la uani anajiona mwenye hoteli. Mazungumzo yanajiandika.

Shida ni kwamba nyumba ikishapatikana, kazi imekwisha. Binti alikuwa kampa mgeni nyumba kwenye sehemu ya 4. Nikamuuliza, sehemu ya 5 wanaonana kwa nini? Akasema bomba limepasuka. Na ya 6? Kitasa. Na ya 7? Akacheka. Huwezi kujenga mapenzi ya sehemu 30 kwa kuharibu nyumba ya watu.

Mweka hazina hana kukutana kabisa. Walishakutana wakiwa na miaka mitano, wakipigana kwa sababu ya ubuyu. Lazima uandike jambo gumu zaidi, nalo ni mtu kumwona upya mtu aliyemzoea, bila kumpaka huyo mtu rangi mpya. Waandishi wengi hapa wanadanganya: rafiki anakwenda Arusha miezi mitatu, anarudi na kifua. Huyo si rafiki aliyeonekana upya, ni mgeni mwingine mwenye jina la zamani. Njia ninayoiamini ni kuwapa kazi ya pamoja ambayo hawajawahi kuifanya. Unaweza kumjua mtu miaka 25 na usijue anavyohesabu hela mbele ya bibi kizee asiyeona vizuri: anamwekea noti mkononi moja moja, anaitaja kila moja kwa sauti, anamngoja aipapase. Sikudhani kasimama mlangoni, anaona hilo kwa mara ya kwanza. Halafu anajiambia ni jua.

Kicheko

Hapa ndipo nilipoanza kubadili mawazo.

Kicheko cha mgeni ni cha mtu na mji. Vumbi la Agosti linamkuta na shati jeupe. Mlenda unamkataa, unanyooka toka sahani hadi tai. Amejifunza salamu ya Kigogo kwenye simu, anaingia mgahawani anatamka "Mbukwenyi!" kwa sauti ya mkutano wa hadhara, mhudumu anamjibu, "Kaka, mimi Mhaya." Nzuri hiyo, nimeicheka. Lakini hesabu vichekesho vya aina hiyo, havizidi sita, na vyote ni kimoja: mtu wa pwani hajazoea bara. Kuna na hatari ya kuteleza. Mwandishi akiishiwa anakimbilia utani uliochakaa kuhusu Wagogo na ombaomba, au utani wa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Tafadhali. Hospitali ile inatibu wagonjwa, na utani wenyewe ulishazeeka kabla hatujazaliwa. Ukiandika mgeni, kicheko kimwangukie yeye, si wenyeji.

Kicheko cha mweka hazina kipo ndani ya daftari, na daftari lina majina 84.

Kuna aliyetoa 20,000 anayeapa kwa marehemu baba yake kwamba alitoa laki. Kuna aliyeahidi 50,000, hakutoa hata mia, na sasa anadai arudishiwe 50,000 yake. (Huyu nilimwambia binti asimguse, asimpunguze, ni dhahabu.) Kuna mama mkazi wa Kikuyu, hapa hapa mjini, anayekataa kupokea: "Ikae huko huko, mwanangu, utaolewa tu," na kila anayekataa hivyo anamwongezea Sikudhani deni asiloweza kulilipa. Kuna mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa aliyechangia gunia, na gunia lililiwa vikaoni. Kuna mjomba aliyesomasoma, anayewasubiri na nakala ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Ni kweli, sheria hiyo inampa aliyevunjiwa ahadi ya ndoa haki ya kudai fidia, na mjomba kaipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Mwache aisome kwa sauti, mpe chai, muondoke. Kesi ikifika mahakamani riwaya yako haitakuwa nyepesi tena, na utalazimika kumtafuta wakili.

Na kuna bibi mmoja kule Hombolo, katikati ya mizabibu, ambaye macho yake yanakwenda toka kwa Sikudhani hadi kwa mweka hazina, halafu yanarudi, halafu anauliza swali ambalo wote 83 walikuwa na adabu ya kutouliza: "Sasa huyu ana kasoro gani?"

Linganisha mwenyewe. Mgeni anakupa mzaha, unaisha. Daftari linakupa watu, na kila mmoja ana nyumba yake, chakula chake na neno lake la kumponda yule mchumba. Kwa anayeandika sehemu kwa sehemu, akimtoza msomaji shilingi 1,000 ili apate zilizobaki, tofauti hiyo inamlipia kodi. Kila nyumba ni sehemu. Kila mlango ni "itaendelea".

Mapema mno, au alikuwa anasubiri?

Msomaji wa riwaya hizi anajua mwisho. Anajua watapendana, ndiyo maana kanunua. Anachokupima nacho ni saa: kidonda kimekauka lini? Na kila mwanamume ana hatari yake kwenye saa hiyo.

Hatari ya mgeni ni kuwa kiraka. Wiki mbili baada ya kibuti Sikudhani anacheka naye, wiki ya nne wamekaa Nyerere Square wanakula karanga, na msomaji mwenye akili anajiuliza kama anampenda huyu mtu au anapenda tu kutoonewa huruma. Jibu analo mwandishi. Mfanye Sikudhani mwenyewe aliulize swali hilo kwa sauti kabla msomaji hajaliuliza. Aseme kwa rafiki yake, "Mimi huyu simpendi, napenda asivyonijua." Ukilisema limekwisha nguvu. Ukilificha litakuua.

Hatari ya mweka hazina ni mbaya zaidi, na wengi wanaingia nayo moja kwa moja wakidhani ni utamu. Wanaandika kwamba jamaa alikuwa anampenda siku zote, kimya kimya, toka darasa la tatu. Fikiri vizuri maana yake. Huyu mtu alikaa vikao sita vya harusi ya mwanamke anayempenda, akakusanya hela za kumwozesha kwa mwingine, na ujumbe wa kibuti ulipofika, je, moyoni alisikitika au alishukuru? Ukishaliingiza swali hilo, wema wake wote unakuwa na harufu. Anavyomshika mkono kuvuka korongo, alikuwa anangoja. Anavyomletea zabibu, alikuwa anangoja. Umepata tai anayezunguka mzoga, na wewe ulitaka njiwa.

Kwa hiyo nilimwambia binti: futa darasa la tatu. Mweka hazina asijue. Awe mzito kuliko hata Sikudhani. Alimwona kama jirani, kama kero, kama mtu anayerudisha bakuli bila kuliosha. Wajue wote wawili kwa pamoja, barabarani, wakiwa na vumbi usoni na majina 30 bado hayajafikiwa, na yeye ndiye aogope zaidi maana ana daftari la kulinda.

Muda wenyewe uchukue kwenye majira, usihesabu wiki. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kipindi kirefu cha ukavu ambacho kila kitu kinakuwa rangi ya ugoro. Mzunguko wa daftari uanze Agosti, siku za upepo na maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, umalizike mvua zikikaribia. Miezi minne. Hakuna atakayesema ni mapema, na hutahitaji kuandika "miezi ikapita". Msomaji ataiona mibuyu ikiwa mitupu, kisha ikitoa majani. Busu lenyewe, hata hivyo, usiliweke kwenye mvua ya kwanza. Najua linakuita. Waandishi wote wa kanda ya kati linatuita.

Kwa mgeni majira yanakwenda kinyume, na kuna utamu wake: ukimshusha Machi badala ya mwezi wa sita, anaikuta Dodoma ya kijani, anapiga picha anawatumia watu wa Dar, kisha kila mwezi mji unavua kijani chake kidogo kidogo, mpaka Septemba anajiuliza alihamia wapi. Akiamua kubaki Septemba, amebaki kweli. Hiyo ni hoja yake bora kabisa, na siichukulii poa.

Kikwazo cha katikati

Kila riwaya ya namna hii ina mahali wawili wanapoachana kidogo ili warudiane. Kwa mgeni kikwazo cha kwanza kitakachomjia msomaji wa Dodoma kichwani, tena sehemu ya 2, kabla hujamaliza kumsifia macho, ni hiki: mke yuko Dar. Hutaweza kukikwepa. Tumewaona mno waliohamia peke yao, Ijumaa jioni wanaonekana stesheni. Kama mgeni wako hana mke, lithibitishe mapema na kwa kichekesho. Mama Sikudhani amhoji kama ofisa uhamiaji, dada yake ampigie simu ya ghafla saa nne usiku. Usipofanya hivyo, msomaji atakaa sehemu 20 anasubiri mke atokee, na asipotokea ataona umemdhulumu. Kikwazo cha pili ni barua ya uhamisho. Kinafanya kazi, lakini ni kikwazo cha kutoka nje. Hakuna aliyekosea. Watu wawili wema wanaonewa na karatasi.

Kwa mweka hazina, kikwazo kimo humo humo: hesabu haifungi. Wamefika jina la 79, hela iliyobaki haitoshi, pungufu ni 300,000. Sikudhani aliyekwisha kuchomwa mara moja anamtazama mtu huyu na daftari lake la mistari, na kila alichokiamini kinaanza kutikisika.

Hapa binti alitaka mambo makubwa. Alitaka jamaa awe amezitoa kwa siri kumtibia mama yake Sikudhani. Nikamwambia hapana, shujaa namna hiyo hapendwi, anaheshimiwa. Tukazunguka meza mpaka tukaupata ukweli mdogo, wa aibu, wa kibinadamu: ile 300,000 ni ahadi ya mweka hazina mwenyewe. Kikao cha kwanza alijiandikia mchango mkubwa mbele ya watu, akaweka "imepokelewa" akitarajia kuuza vipuri, vipuri havikuuzika, na kila kikao akawa anawasomea wenzake majina ya wasiolipa akiliruka lake. Nimecheka sana. Ni kosa, ni uongo, Sikudhani ana haki ya kukasirika, na hakuna aliyeumia ila mfuko wake. Riwaya nyepesi inataka makosa ya ukubwa huo hasa.

Na yule wa zamani?

Wapo wanaouliza kwa nini asirudi mchumba mwenyewe, ajute, wasameheane. Inawezekana, ila si kwenye kitabu hiki. Mtu aliyekuacha kwa ujumbe wiki tatu kabla, ukimrudisha itabidi utumie nusu ya kurasa kumtafutia udhuru, na udhuru wa kutosha huwa ni ugonjwa au kifo, ukishafika huko umehama aina. Mpe sura mbili karibu na mwisho. Arudi. Aulize kuhusu michango ya upande wake. Inatosha.

Kwa nini nilipiga simu

Nilisema mgeni ndiye dawa ya aliyeibiwa uso, kwa kuwa hajui. Nikiwa nimelala nikaona kosa langu. Atakosaje kujua? Vitenge viko sokoni. Wiki ya pili atampita mwanamke, atasema "kitambaa kizuri kile," na Sikudhani itabidi ama amwambie ama amdanganye. Akimdanganya, mapenzi yote yanasimama juu ya mgeni kutojua, na kila mwenye sare mjini ni mwiba. Akimwambia, ile nafuu ya kutojulikana imekwisha, mgeni anakuwa mtu wa kawaida anayejua, ila mwenye historia fupi.

Mweka hazina anajua yote, mpaka shangazi gani alitoa shilingi ngapi. Na kazi waliyopewa ndiyo inayorudisha uso. Mwanamke anagonga milango 84, anasema kwa kinywa chake mwenyewe, "Harusi haipo, chukueni chenu, asanteni." Mlango wa kwanza sauti haitoki. Wa arobaini anaisema akitafuna karanga. Wa sitini anamaliza yeye kabla mwenye nyumba hajamwonea huruma, tena anauliza kama wana chumba cha kupangisha. Hapo kidonda kimefunga, na hakuna mwanamume aliyekifunga. Mwanamume alikuwa amebeba daftari tu. Kwangu huo ndio uzito wote wa uamuzi huu.

Lakini mgeni sijamtupa. Kama aliyeumizwa wako hakuaibishwa hadharani, kama kaachwa kimya na sasa anaona kila kona ya mji ina kumbukumbu, rafiki wa zamani ni kona nyingine tu. Huyo mpe mtu mwenye feni. Kama ndiyo mara yako ya kwanza kuandika na unataka sehemu 15 umalize, mpe mgeni pia: anakuja na mwendo wake, na mji utakuandikia nusu. Mweka hazina anataka subira, masikio ya kusikia watu wanavyoongea majumbani, na ujasiri wa kuandika sehemu nane bila hata mkono kushikwa.

Na kwa wanaouliza wasome ipi, si waandike ipi, maana nao wapo: wiki ya kwanza ya kibuti soma ya mgeni. Huna nguvu ya kumpenda mtu unayemjua. Mwezi wa tatu, ukiwa unaweza kutaja jina lake bila kumeza mate, ndipo usome ya mweka hazina.

Mmoja kwenye kundi lake la wasomaji alishauri wawekwe wote wawili, wagombanie. Binti alinitazama kwa matumaini. Nikamwambia mpe mgeni nyumba sehemu ya 3, jirani na dada yake Sikudhani, kisha tuone dada anasemaje kuhusu ile feni.

Jana usiku kanitumia sehemu ya kwanza. Inaanzia Majengo, asubuhi, mwanamke asiyemjua kavaa kitenge chenye tausi wa dhahabu, anabembeleza bei ya bamia. Sikudhani kajificha nyuma ya matenga ya nyanya. Mweka hazina kasimama wima katikati ya njia, hajajificha, kafungua daftari, anapitisha kidole kwenye majina.

"Huyu mbona simwoni," anasema. "Kitenge kapewa na nani?"